Kiingereza cha Zizini

Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, Christabel alikuwa ameshaketi kwenye dawati la mbele, mikono ameikunja kifuani, akingoja wenzake wakosee.

Hakungoja sana. Darasa la Gredi ya Saba katika shule yao ya Garsen lilikuwa na watoto wa Kipokomo kutoka mashamba ya kando ya mto, watoto wa Kiorma waliokulia katikati ya ng'ombe, wa Kisomali kutoka madukani, na wa Kigiriama ambao wazazi wao walifuata vibarua. Kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani. Kiswahili walikitumia kuelewana wao kwa wao. Kiingereza walikutana nacho darasani tu, na jioni wakakiacha huko huko ubaoni.

“I am coming from at home,” alisema Silas, akitupa mkoba wake juu ya dawati.

“From at home!” Christabel alidakia. “Silas, umetoka na from, au umetoka na at? Chagua mmoja, bwana. Wawili hawatoshi mlangoni.”

Darasa likacheka. Silas akajikuna kichwa, akacheka naye, maana alikuwa mtu wa mzaha. Lakini hakuendelea na habari aliyokuwa anataka kuieleza. Nyuma yake akaja Dan, mtoto mpole asiyependa ugomvi, akasema kitabu chake kiko “in the table”.

“In the table? Umeipasua meza ukakifukia ndani?”

Hivyo ndivyo alivyoianza siku yake. Makosa ya vihusishi, yaani vile vineno vidogo kama “in”, “on” na “at”, ndiyo aliyoyapenda zaidi kwa sababu yalikuwa mengi na hayakuisha. Alidhani anawasaidia. Hakuona kwamba wengi walikuwa wameanza kuingia darasani kimya, kama watu wanaompita mbwa aliyefungwa kwa kamba isiyojulikana urefu wake.

Na hicho Kiingereza chenyewe alikitoa wapi? Mama yake, Margaret, alikuwa na diploma ya kilimo kutoka chuoni, na alizungumza naye Kiingereza tangu akiwa mchanga. Christabel alikikuta Kiingereza nyumbani kama alivyokikuta kitanda na chandarua. Lakini kwa jinsi alivyokiringia, ungedhani alikilima kwa jembe, akakipalilia na kukivuna peke yake.

Siku ya Jumatatu, Mwalimu Galgalo aliingia na habari. Shule ingechagua wanafunzi wawili kwenda Hola kwenye mashindano ya kuzungumza Kiingereza. Wangesimama jukwaani mbele ya shule za kaunti nzima. Mmoja angeuliza maswali kuhusu mahali wanapopafahamu, mwenzake angejibu, kisha waamuzi wangeongeza maswali yao wenyewe.

Christabel akajinyoosha kwenye dawati. Hola! Tangu Gredi ya Nne alikuwa akiyaota mashindano hayo. Shangazi yake Hope anayeishi Hola alishaambiwa atafute nafasi ya kukaa mbele, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amemchagua Christabel kwenda popote.

“Mtakwenda jozi, na mtapimwa kama jozi,” alisema Mwalimu Galgalo. “Mmoja akimeza mwenzake, wote wawili wamekosa. Mazoezi mbele ya shule ni Ijumaa hii. Mchujo wenyewe ni Ijumaa ya wiki ijayo.” Kisha akatazama nyuma ya darasa. “Mumina, hebu tuanze na wewe. Tuambie baba yako yuko wapi asubuhi hii.”

Mumina alisimama. Alikuwa msichana mrefu, Muorma, ambaye kwa Kiswahili aliweza kumwiga mwalimu yeyote mpaka watu wakashika mbavu. Kwa Kiingereza alikuwa mtu mwingine kabisa.

“My father is in the river with the cows,” alisema taratibu.

“Pole, Mumina,” Christabel akasema kwa sauti ya matanga. “Mamba wameshammaliza.”

Kicheko kikapasuka. Mumina akaketi kabla hajaambiwa aketi.

“Nyamaza, Christabel,” alisema Mwalimu Galgalo, akageukia ubao na kuchora mstari mnene uliopinda. “Kiswahili kinasema ‘mtoni’, basi, kazi imekwisha. Hiyo -ni inabeba kila kitu. Kiingereza kinataka ujue umesimama wapi. ‘In the river’, umelowa. ‘At the river’, umefika ukingoni na nguo zako ni kavu. ‘On the river’, uko ndani ya mtumbwi unavuka. Si uchawi. Ni kutazama tu.” Akapangusa chaki mikononi. “Na sasa jozi. Christabel, wewe na Mumina.”

Christabel alidhani amesikia vibaya. “Mwalimu, na huyu?”

“Huyu ana jina.”

“Nipe Ifrah, Mwalimu. Au hata Silas.”

“Hata Silas!” Silas akajishika kifua kama aliyepigwa mshale. “Jamani, nimekuwa hata!”

“Christabel na Mumina,” alirudia Mwalimu Galgalo. “Silas na Ifrah. Asiyetaka jozi yake abaki nyumbani siku ya Hola. Basi.”

Wakati wa mapumziko, Christabel alimfuata Mumina kwenye kivuli cha ukuta, akamsimamia kama askari wa trafiki.

“Sikiliza. Mimi nitaandika maswali na majibu yote. Wewe kazi yako ni kukariri. Usiongeze neno, usipunguze neno. Hola nakwenda mimi, kwa hiyo usiniharibie.”

“Si tunakwenda wawili?” Mumina aliuliza.

“Ndiyo, wawili. Lakini unajua nina maana gani.”

Mumina alipangusa vumbi kwenye sketi. “Najua,” akasema.

Wiki nzima walifanya hivyo. Christabel aliandika, Mumina akakariri. Kila Mumina alipoteleza, akasema “in” mahali pa “on” au “to” mahali pa “at”, Christabel alisonya. Wakati mwingine alisonya kabla Mumina hajafika kwenye kosa, kwa kulihisi tu likija. Kufikia Alhamisi, Mumina alikuwa anaimba yale majibu kama kasuku, neno kwa neno. Christabel akajipongeza. Aliona amefanya kazi kubwa ya ualimu.

Ijumaa, shule nzima ilikusanyika uwanjani. Silas na Ifrah walitangulia. Ifrah alisema “I go in the shop at Monday”, na Silas akasema mengine ya kutisha zaidi, lakini wote wawili waliongea, wakaulizana, wakacheka, na watu wakaelewa kwamba walikuwa wanazungumzia duka la baba yake Ifrah na paka mwizi anayelala juu ya magunia ya mchele.

Kisha ikawa zamu ya Christabel. Alivuta sketi yake, akainua kidevu. “Where do you keep your cattle, Mumina?”

Mumina alijibu jibu lote bila kosa hata moja. Hata walimu walitazamana. Christabel akatabasamu kuelekea hadhira, kana kwamba sauti ilitoka kwake.

“Vizuri,” alisema Mwalimu Galgalo kwa Kiingereza. “Na jioni, Mumina, huwa mnafanya nini huko zizini?”

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Mumina alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Nani angejua mambo ya zizini kumshinda? Lakini macho yake yalikwenda kwanza kwa Christabel, akauona unyusi wake umepanda juu, na midomo imeshajikusanya tayari kusonya. Mumina akafunga mdomo.

Mtoto mmoja wa chekechea akauliza kwa sauti kama yule dada ni mgonjwa.

“In the evening they milk the cows!” Christabel akalipuka, akajibu mwenyewe.

Mwalimu Galgalo akaweka kalamu chini. Jozi ya Silas na Ifrah ilitajwa ya kwanza. Jozi ya Christabel na Mumina ilitajwa ya mwisho, nyuma hata ya mapacha wa Gredi ya Sita waliosahau kila kitu na kuanza kulia.

Christabel alifika dukani kwa mama yake akiwa amefura. Margaret alikuwa na duka la mbegu, majembe na dawa za mifugo karibu na stendi ya Garsen. Alikuwa mwanamke wa vitendo, asiyekuwa na subira na watu wanaolia bila kueleza shida.

“Mama, nimeaibishwa! Nimepewa mchunga ng'ombe, amesimama mbele ya shule kama gogo. Nenda umwambie Mwalimu anibadilishie.”

Margaret hakuinua macho kutoka kwenye gunia la mbegu alilokuwa analishona. “Wiki nzima umefanya naye nini?”

“Nimemfundisha.”

“Umemfundisha vipi?”

“Kila akikosea, nilimwonyesha kwamba amekosea.”

“Hiyo ni kazi ya king'ora,” alisema Margaret. “King'ora nacho hulia mtu akikosea. Hakijamfundisha mtu yeyote chochote.”

“Lakini Mama, hajui hata tofauti ya in na at!”

“Na wewe ulizaliwa unaijua? Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa ukiniambia ‘I am sleeping on the mosquito net’. Kila usiku, juu ya chandarua, kama popo. Nilikuitia majirani waje wakucheke? Nilikusonya?”

Christabel akaanza kuchezea uzi wa gunia.

“Nilikuwa nainua chandarua, nakuingiza, nakwambia ‘under’. Natoka, narudi, ‘under’. Mwezi mzima. Ndiyo maana leo unajua, si kwa sababu kichwa chako ni cha dhahabu.” Margaret akakata uzi kwa meno. “Mchunga ng'ombe, unasema. Wewe ng'ombe humjui hata ana chuchu ngapi.”

“Mbili,” alisema Christabel kwa hasira.

Margaret akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. “Mbili! Ee Mungu wangu. Hapo umemchanganya na mbuzi. Kesho ni Jumamosi. Jioni utakwenda kwao. Ukamsikilize anavyoongea akiwa mahali anapopajua.”

“Zizini?”

“Ulitaka akupokee wapi? Ikulu?”

Nyumbani kwa kina Mumina kulikuwa nje ya mji, ng'ambo ya barabara kubwa, mahali ambapo tambarare inaanza na miti inapungua. Christabel alikwenda amevaa raba zake nyeupe, akikanyaga kwa ncha za vidole. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka malishoni, na vumbi lao lilimwingia puani mpaka akapiga chafya. Mama yake Mumina, aliyeitwa Barwako, alikuwa ameshika kibuyu cha kukamulia, ushungi wake ameuzungushia shingoni.

“Nagaa, mwanangu,” alimsalimia kwa amani ya Kiorma. “Karibu. Rafiki ya Mumina?”

Christabel alijikwaa kwenye neno rafiki. “Tuko darasa moja, Mama.”

Upande mmoja wa boma kulikuwa na zizi dogo la ndama, limezibwa mlango kwa tawi kubwa la miiba. Ndama walikuwa wamejaa mlangoni, wakilia kwa njaa. Upande wa pili mama zao waliwaitikia.

“Utusaidie,” alisema Mumina, na hapa kwao hakuwa yule msichana wa nyuma ya darasa. Alitembea kati ya pembe akisukuma ng'ombe kwa kiganja kama anayesukuma milango. “Mama akiita jina, unasogeza tawi kidogo tu, ndama mmoja anapita. Ananyonya kidogo, maziwa ya mama yake yanashuka, tunamvuta pembeni, tunakamua. Halafu mwingine. Mmoja mmoja. Umeelewa?”

“Nimeelewa,” alisema Christabel, akiangalia raba zake. “Ni mlango tu.”

“Si mlango tu. Usi...”

“Mumina, nimesema nimeelewa.”

Barwako akaketi kando ya ng'ombe mwekundu, akaita jina. Christabel akashika tawi la miiba. Lilimchoma. Akakasirika, akalivuta kwa nguvu zote, na tawi lote likatoka.

Ndama hawakungoja kuitwa. Walimiminika nje kama maji yanayovunja tuta. Mmoja alipita katikati ya miguu ya Christabel, akambeba mgongoni hatua kadhaa na kumbwaga kwenye samadi. Alipoinua kichwa, kila ndama alikuwa ameshampata mama yake, mkia unacheza, povu la maziwa limejaa mdomoni. Mumina alikimbia huku na huku akiwavuta shingo. Akimtoa mmoja, wawili wanarudi. Kwa muda mfupi tu, viwele vilivyokuwa vimejaa vilikuwa vimenywea.

Barwako alisimama na kibuyu kitupu. Alisema maneno ya Kiorma ambayo hayakuhitaji mkalimani. Kisha akageukia Kiswahili.

“Wewe mtoto! Mimi nasema moja, wewe nafungua yote! Hii maziwa ya kupeleka Garsen kesho. Sasa iko tumboni ya ndama. Watu takunywa chai ya rangi, na sisi hapa, chai ya rangi!”

“Samahani, Mama,” alisema Christabel, samadi inamshuka shavuni. Aligeuka aondoke. Alikuwa anajua kinachofuata. Jumatatu habari ingefika shuleni, na angeingia darasani watu wakimlilia kama ndama. Yeye mwenyewe angefanya hivyo.

“Nakwenda wapi?” aliuliza Barwako.

“Nyumbani.”

“Sawa, enda. Lakini asubuhi nakuja tena. Wewe tafungua.”

“Mimi? Baada ya haya?”

“Nani mwingine?” Barwako alishangaa kwelikweli. “Wewe ndiyo hajui. Huyu Mumina anajua, mimi namfundisha nini?”

Mumina alikuwa amejiegemeza kwenye uzio, anacheka mpaka machozi. Christabel akakaza uso. Lakini huku akicheka, Mumina alimshika mkono, akauweka kwenye tawi mahali pasipo na miiba, akamsukuma bega. “Hapa,” alisema. “Unashika hapa, halafu unaweka goti. Goti likiwa hapa, ndama wa pili hapiti. Jaribu.” Na akaendelea kucheka.

Njiani kurudi, Christabel alijaribu kumchukia Mumina kwa kicheko kile, akashindwa. Kilikuwa kicheko, sawa. Lakini kilimwacha akijua kushika tawi. Msonyo wake yeye ulikuwa umemwachia Mumina nini?

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, alirudi akiwa amevaa ndara. Barwako aliita, Christabel akasogeza tawi kidogo, goti mahali pake. Akapitisha ndama. Hakuwa yule aliyeitwa. Barwako akapiga kelele, akamrudisha, akaita tena. Ndama akapita. Mara nyingine alikosea, akakemewa, akaambiwa arudie. Kabla jua halijawa kali, kibuyu kilikuwa kimejaa, na mikono ya Christabel imejaa mikwaruzo.

Walipomaliza, yeye na Mumina waliketi juu ya gogo. Christabel alitoa karatasi ya majibu ya kukariri mfukoni, akaitazama, akairudisha.

“Simama pale ndani,” akasema. “Sasa uko wapi? Kwa Kiingereza.”

Mumina alisita. Alimwangalia unyusi. Unyusi haukupanda. “I am... in the boma.”

“Njoo mlangoni.”

“I am in the gate.”

Msonyo ulimfika Christabel mdomoni, akaumeza. Akaenda akasimama naye. “Mlango haujakumeza. Umefika kwenye mlango, umesimama hapo. At. I am at the gate.”

“At the gate. Na huyo ndama aliyelala juu ya mguu wako?”

“On my foot,” alisema Christabel, “na anitoke!”

Wiki ile walikutana kila jioni. Vihusishi vya mahali Mumina alivinasa haraka, kwa sababu vilionekana kwa macho: ndama aliingia “into” zizi, akapita “through” mlango, akajificha “behind” ng'ombe. Taabu ilianza kwenye vile visivyoonekana.

“Kwa nini ni ‘on Friday’,” Mumina aliuliza, “lakini ni ‘in the morning’, halafu usiku ni ‘at night’?”

Christabel alikuwa akisema hivyo maisha yake yote bila kujiuliza.

“Sijui,” alisema. “Nitamuuliza Mama.”

Margaret, alipoulizwa, hakuzunguka. “Siku ni ‘on’. Sehemu ya siku ni ‘in’. Usiku ni ‘at’ kwa sababu Waingereza wamezoea hivyo, basi. Nyingine zina kanuni, nyingine ni mazoea. Zile za mazoea hazikaririwi peke yake. Mnazishika pamoja na neno lake, mnazitumia mpaka zikae.”

Mumina alipopelekewa majibu hayo, aliyafikiria huku akimkuna ndama shingo.

“Kumbe ni kama hawa,” alisema. “Hakuna kanuni ya ndama yupi ni wa nani. Unawaona pamoja kila siku, unajua. ‘Afraid’ mtoto wake ni ‘of’. ‘Wait’, mtoto wake ‘for’.”

“‘Good’?”

“‘Good in’.”

“‘In’ si wake. Atampiga teke.”

“‘At’! Good at!” Mumina akapiga kofi, na ng'ombe mwekundu akageuza kichwa.

Ijumaa ya mchujo, uwanja ulijaa. Wazazi wengine walikuja pia. Margaret alifunga duka, jambo alilolifanya mara chache, akasimama karibu na bomba la maji. Barwako alisimama kando yake.

Christabel aliuliza swali la kwanza. Mumina akajibu kwa maneno yake mwenyewe, polepole, lakini ya kwake. “I am good in...” alisema, akasimama.

Shule nzima ilimtazama Christabel. Wote walijua kinachofuata. Christabel akauona mdomo wa Silas ukijiandaa kucheka. Alitulia, akamtazama Mumina, akangoja kama mtu mwenye siku nzima.

“Good at milking,” alisema Mumina.

Mwalimu Galgalo akainama mbele. “Tusimulie jambo moja lililotokea huko zizini kwenu,” alisema kwa Kiingereza.

Mumina alimtupia Christabel jicho. Christabel akaelewa ni hadithi gani inakuja. Angeweza kudakia na swali lingine. Hadhira nzima ingemgeukia yeye, mwenye Kiingereza safi. Lakini Mwalimu alishasema: mmoja akimeza mwenzake, wote wamekosa.

“Tell them,” alisema.

Basi Mumina akawaambia. Ndama walitoka “out of the pen”, wakapita “through the gate”, mmoja akapita “between her legs”, akambeba “on his back”, mpaka yule msichana akaanguka “into the dung”. Alionyesha kwa mikono, akalia kama ndama, akaiga sauti ya mama yake akigomba. Mahali fulani alisema “to” palipostahili “at”, na hakuna aliyejali, maana watu walikuwa wanapangusa machozi. Hata Barwako, asiyejua Kiingereza, aliielewa hadithi yote kwa vitendo, akampiga Margaret begani kwa kicheko.

“And who was that foolish girl?” aliuliza Christabel.

Mumina hakujibu. Alimwachia.

“It was me,” alisema Christabel.

Uwanja ukalipuka. Silas alilala chini kabisa, akapiga ardhi kwa ngumi. Christabel alisimama masikio yakiwaka, na alipogeuka alimwona Mwalimu Galgalo akiandika alama bila kuinua kichwa, mabega yanamtikisika. Dakika chache baadaye majina yalisomwa. Wa kwenda Hola walikuwa Christabel na Mumina.

Wanafunzi wakawazunguka. Dan alijipenyeza, akampa Christabel mkono. “Congratulations for winning,” alisema, akaondoka haraka kabla hajajibiwa.

Christabel alipofika kwa mama yake, kifua kilikuwa kimeshaanza kupanda tena. “Mama, umesikia? Dan amesema ‘congratulations for’. Ilipaswa kuwa ‘on’.”

“Nimesikia. Na mimi unaniambia ili nifanye nini?” Margaret aliuliza. “Mwenye kosa yule anakwenda. Ona alivyokimbia. Amekupa mkono kama mtu anayemlisha fisi.”

Christabel akatazama chini.

“Nisikilize, kwa sababu sitarudia. Mwenzako akikosea una njia mbili: umsaidie, au unyamaze. Kumcheka si njia ya tatu. Ni uvivu, maana anayecheka hajafanya kazi yoyote. Lugha haijifunzwi bila kukosea mbele ya watu. Ukiwatia watu hofu ya kukosea, watafunga midomo, na aliyefunga mdomo hutajua anajua nini na hajui nini. Wiki iliyopita ulikuwa na Kiingereza chako chote na ulikuwa wa mwisho. Leo mmekwenda mbele kwa sababu mlifanya kazi, wewe ya kufundisha na kufundishwa, yeye vivyo hivyo. Huko Hola kuna watoto wanaokijua Kiingereza kukuzidi. Omba nao wawe na adabu.” Akamsukuma kidogo mgongoni. “Nenda ukamwambie Dan. Yeye, si mimi.”

Christabel alimkuta Dan nyuma ya darasa. Dan alipomwona akainua mabega, kama mtu anayengoja kupigwa.

“Asante kwa kunipongeza,” Christabel alisema. “Ukitaka, kuna kitu kidogo. ‘Congratulations’ inakwenda na ‘on’. Hata Mumina ilimsumbua juzi.”

Dan alimtazama kwa wasiwasi, akisubiri mzaha ufuate. Haukufuata. “Congratulations on winning,” alisema polepole.

“Hiyo hiyo. Na Dan, ile siku ya meza, sorry.”

“Sorry for, au sorry about?” aliuliza Dan.

Christabel alifikiri. Akafikiri tena.

“Sina hakika,” alisema. “Twende tumuulize Mwalimu.”